Kisigino Lazima Kionekane

Kama unasoma hapa kwa sababu umejifungua mtoto mwenye miguu iliyopinda kwa ndani, kwanza pole. Pili, usisikilize anayekuambia "itanyooka yenyewe." Haitanyooka yenyewe. Tatu, mimi si daktari. Ni karani wa masjala katika ofisi moja kule Mtumba, mtu wa mafaili na tarehe, na sitakueleza ugonjwa huu unatoka wapi. Nitakueleza mambo niliyojua baada ya kuyakosea, na ninayasema sasa kwa sababu nimeshapumua kidogo.

Eliya alizaliwa Desemba, wiki ileile mvua ilipoanza kunyesha Dodoma. Nesi alimfunika miguu kwanza, ndipo akanipa. Nikajua kuna jambo, maana watoto wengine wote wodini walikuwa wanachezesha vidole hewani. Nilipofunua, nyayo zake zilitazamana kama mtu anayetaka kupiga makofi kwa miguu. "Ni mguu kifundo," nesi akasema. "Unatibika. Akifikisha wiki mbili mlete kwenye chumba cha hogo."

Wiki mbili hizo zilinitosha kuwachukia majirani. Nyumba yetu ya Nkuhungu ilijaa wageni, kila mmoja na uji wake na swali lake. Mmoja aliniuliza kama nilipokuwa mjamzito nilimcheka kilema. Nikamjibu kwamba wakati wa ujauzito sikucheka kabisa, maana nilikuwa natapika. Mwingine akapiga ishara ya msalaba akasema, "Ndiyo hivyo, hujafa hujaumbika." Kauli ya kweli kabisa, lakini si ya kumwambia mwanamke mwenye nyuzi ambazo hazijapona. Mume wangu Daudi, fundi umeme, mtu wa maneno machache, alikuwa anawasindikiza hadi getini na kurudi kimya. Nilimkasirikia kwa kimya chake, na angesema lolote ningemkasirikia kwa alilosema.

Siku ya hogo ilikuwa Jumatano. Hogo ni ile plasta nyeupe anayofungwa mtu aliyevunjika mguu, ila mtoto huyu hakuvunjika popote. Anafungwa kuanzia vidoleni hadi kwenye paja, miguu yote miwili, kila wiki hogo jipya, na kila wiki daktari anausogeza mguu kidogo kuelekea nje. Daktari wetu alikuwa mwanamume mfupi mwenye vumbi jeupe hadi kwenye kope. Alizoea kusema, "Mnyonyeshe, mama, mnyonyeshe," huku yeye anazungusha bandeji yenye maji. Eliya ananyonya, analia, ananyonya tena. Mimi natokwa jasho na maziwa kwa pamoja.

Wenzangu mliokwisha kubeba mtoto mwenye mahogo mawili mnajua. Mtoto mzito ghafla, hakunjiki, hashikiki. Huwezi kumwogesha, unampangusa kwa kitambaa vipande vipande. Mkojo unapenya kwenye nepi unaingia ndani ya hogo, na kwa joto la Januari kufika Jumamosi nyumba nzima inanuka. Nilifunga mifuko ya nailoni juu ya mapaja, nikatoboa, nikafunga upya. Nilikuwa na daftari ambamo niliandika kila kitu, amenyonya saa ngapi, amekojoa saa ngapi, vidole vina rangi gani. Kuandika kulinituliza. Ndiyo kazi yangu.

Asubuhi ya Jumatano unatakiwa umloweke miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yenye siki kidogo, saa nzima, hadi hogo lilainike, ulifungue, ndipo uende. Sasa Nkuhungu maji ni ya mgao. Wiki ya tatu yalitoka Jumanne jioni na nilijua Jumatano bomba litakuwa kavu, na ya akiba yataishia kwenye kupika na kufua nepi. Nikajiona mjanja. Nikaloweka Jumanne hiyohiyo, nikamfungua, nikamwogesha mwili mzima kwa sabuni kwa mara ya kwanza tangu Krismasi. Alicheka majini. Nami nilicheka.

Kesho yake daktari akaushika mguu, akauliza, "Umefungua saa ngapi?"

"Leo asubuhi."

"Mama Eliya, ngozi hii imelala bila hogo."

Nikakubali. Akaniambia kwamba mguu unakumbuka ulikotoka, ukiuacha usiku mmoja unaanza kurudi. Hogo la wiki iliyopita likawa la bure, tukalirudia. Nililia kwenye benchi mbele ya watu, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Mama mmoja wa usafi alikuwa anapiga deki. Akaniuliza kisa, nikamweleza habari ya maji. Kuanzia Jumatano iliyofuata akawa ananiwekea ndoo ya maji nyuma ya jengo, kivulini, na kusimama karibu nayo na ufagio wake mtu mwingine asiichukue. Nikawa naloweka palepale hospitali. Hakuwahi kupokea hata soda yangu.

Mahogo yakawa sita badala ya matano. Baada ya hapo akachomwa ganzi akakatwa mshipa mdogo nyuma ya kila kisigino, jambo la dakika chache ambalo mimi nililisikiliza kutoka nje ya mlango huku nimeuma khanga. Likafuata hogo la wiki tatu. Ulikuwa msimu wa zabibu, akina mama wamezipanga barabarani kwenye ndoo, na Daudi kila jioni alikuja na mfuko wa zabibu akauweka mezani. Nilikula zabibu hadi nikaumwa tumbo.

Machi likizo yangu ya uzazi ilikwisha, na mama mkwe akaja.

Yeye anaishi kijijini, mbele ya Buigiri kidogo, analima uwele na karanga na ana mbuzi wachache. Alizaa tisa. Hajui kusoma, na Kiswahili chake anakizungumza taratibu, kama mtu anayechagua mawe ya kukanyaga mtoni. Mimi nimezaliwa mjini. Kigogo changu kinaishia kwenye salamu. Alifika na debe la unga wa uwele na mlenda mkavu, akamtazama mjukuu, akashika miguu yake yenye hogo akaipima kwa kiganja. Hakuuliza nilimcheka nani. Nilimpenda kwa hilo, ingawa sikumwambia.

Alinisindikiza siku hogo la mwisho lilipofunguliwa. Miguu ilitoka minyoofu, myembamba, imebabuka ngozi, mizuri mno. Kabla sijashangilia daktari akatoa viatu. Ni viatu viwili vidogo vya ngozi, wazi mbele, vimeunganishwa na chuma katikati, vimegeuziwa nje kama miguu ya bata. "Hivi ndivyo vitakavyoilinda," akasema. "Miezi mitatu, saa ishirini na tatu kwa siku. Saa moja ya kuoga tu. Baada ya hapo wakati wa kulala, miaka kadhaa."

Nikaandika kwenye daftari: *Saa 23.* Nikapiga mstari mara mbili. Daktari akaendelea kuonyesha namna ya kufunga, mikanda, kamba, sijui tundu gani kwa nyuma, nami nilikuwa bado naandika tarehe ya kurudi. Mama mkwe alikuwa ameinama, anatazama mikono ya yule daktari.

Usinione mwerevu kwa kuwa nakusimulia leo. Siku zile nilijiona mwerevu kweli. Nilibandika ratiba ukutani. Saa kumi na moja asubuhi kukagua viatu. Saa mbili kuoga. Saa tatu viatu. Niliporudi kutoka Mtumba jioni nilimhoji mama mkwe kama mkaguzi wa hesabu. Amevaa? Tangu saa ngapi? Ulimvua? Kwa nini? Naye alijibu, "Amevaa, mama," na kwenda kusonga ugali.

Tatizo kubwa lilikuwa kumbeba. Mtoto mwenye chuma miguuni habebeki mgongoni kama wengine, miguu haizunguki kiuno, na chuma kinakuchimba. Mimi nilishindwa, nikawa namkumbatia mbele hadi mikono inakufa ganzi. Mama mkwe alichana khanga kuukuu, akakizungushia chuma kile hadi kikawa kinene na laini, akambeba juu mgongoni, miguu ikining'inia pamoja. Eliya alikuwa analala mgongoni mwake saa nzima huku yeye anatwanga. Mgongoni mwangu alilia.

Wiki ya pili akatoka lengelenge kwenye kisigino cha kushoto. Nikaenda soko la Sabasaba nikanunua soksi za mitumba, nene, za sufu, jozi nne. Nikaongeza kwenye ratiba: *Soksi nene, kila mara.* Lengelenge likapona. Nikajipongeza.

Siku moja ya Mei mtandao wa ofisi ulikata, tukaruhusiwa saa sita. Nilifika nyumbani nikamkuta mama mkwe uani kwenye jamvi, Eliya mapajani, na jozi zote nne za soksi zangu za sufu zinaning'inia kwenye kamba, kavu. Eliya alikuwa amevaa viatu na visoksi vyepesi vya pamba, vile tulivyopewa kwenye kliniki. Kumbe kila nikitoka anazivua, nikikaribia kurudi anazirudisha.

"Mama, shikamoo. Soksi ziko wapi?"

"Marahaba. Nimezivua. Zile nene mguu haukai."

"Haukai kwa sababu hukazi mikanda."

"Nakaza, mama Eliya. Mguu unapanda. Unakaa juu, kama mtu aliyesimama kwenye kigoda."

Nilimwangalia mtoto na kuona alama nyekundu kifundoni. Ilikuwa alama ya mkanda tu, leo naijua, lakini siku hiyo niliona lengelenge linarudi, niliona ratiba yangu inachezewa, niliona mahogo sita na ndoo za maji na Jumatano zote zile. Nikasema. Nayaandika kama nilivyoyasema, ili usije ukasema mfano wake: "Mama, wewe umelea mbuzi, na watoto waliozaliwa na miguu mizuri. Huyu niachie mimi."

Hakupandisha sauti. Alimfungua Eliya mikanda, akamvua visoksi vya pamba, akainuka kuchukua zile za sufu kambani, akamvalisha, akafunga tena, akanikabidhi. "Haya," akasema. "Mtoto ni wako."

Kesho yake asubuhi alikuwa amefunga mzigo. Daudi alimbebea hadi stendi. Aliporudi alikaa sebuleni bila kuwasha redio, na nilipomwambia, "Si useme basi!" akasema, "Nikisema nini, Rehema? Yule ni mama yangu na huyu ni mwanangu." Tulikaa siku kadhaa tukizungumza kuhusu chumvi na umeme wa luku tu.

Nikaomba likizo yangu ya mwaka. Wiki nne nilikaa na Eliya mwenyewe. Hakuna mkono mwingine uliogusa viatu vile, wala wa Daudi. Saa ishirini na tatu, soksi nene, mikanda hadi tundu la mwisho. Nilichoka namna ambayo sijawahi kuchoka, nikawa nasahau kula, nikawa namkaripia mtoto wa miezi mitano kwa kukojoa. Lakini kila jioni niliweka alama ya vema kwenye ratiba. Vema, vema, vema, ukuta mzima.

Juni, upepo umeanza, vumbi linapita chini ya mlango, tukaenda kliniki ya kupimwa. Nilienda na daftari kifua mbele. Daktari akamlaza Eliya, akashika mguu wa kushoto, akaukunja kuelekea juu. Haukuja. Akajaribu tena.

"Unarudi," akasema.

Nilisimama. Nakumbuka niliongea kwa sauti hadi watu wa kwenye benchi wakachungulia. Nikasema ni mama mkwe, nilimkuta mwenyewe kwa macho yangu anavua soksi, watu wa kijijini hawaelewi, nimemwondoa lakini ameshaharibu. Daktari alinisubiri nimalize. Kisha akanipa viatu.

"Mvalishe nione."

Nikamvalisha kama nilivyomvalisha kila siku, haraka, bila kosa. Soksi nene, kiatu, mkanda, kamba. Nikamwinulia.

Akamgeuza. Nyuma ya kila kiatu, chini kabisa, kuna tundu la ukubwa wa shilingi. "Kisigino kiko wapi?" akauliza.

Nikachungulia. Tunduni hapakuwa na kitu. Palikuwa na sufu iliyokunjamana, na kisigino cha mwanangu kilikuwa juu, kimeelea, kama mtu aliyesimama kwenye kigoda.

"Lazima ukione," akasema. "Usipokiona, hata umvalishe saa mia ni bure. Nilikuonyesha siku ya kwanza." Akaanza kulegeza mikanda. "Yule bibi uliyekuja naye, siku ile, aliniomba nirudie. Nikarudia mara mbili."

Nilifungua daftari kutafuta, nikaona pale: *Saa 23*, na mistari yake miwili. Tundu sikuliandika.

Eliya akafungwa hogo tena. Mguu wa kushoto, wiki tatu za kuanzia. Alikuwa mkubwa sasa, anajua kupigana, na alinitazama wakati wanamfunga kama mtu ninayemdhulumu. Alikuwa sahihi.

Jumamosi ile nilimchukua nikaenda kijijini. Daudi aliuliza, "Nije?" nikamwambia hapana. Nilimkuta mama mkwe uwanjani na wanawake wawili wa jirani, wanapepeta uwele. Wale wakanipokea kwa salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi," na vicheko. Yeye aliniitikia shikamoo, akaweka ungo chini. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye hogo. Sikuwa na haja ya kueleza. Jeupe lile liliongea kabla yangu.

"Umerudi mguu," akasema.

"Umerudi, Mama. Ni soksi. Ni mimi. Kisigino kilikuwa hakionekani."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kukumbatiwa, au kufukuzwa. Akanisukumia ungo. "Pepeta. Upepo ukifa hatumalizi."

Nikapepeta, vibaya, pumba zikanijaa machoni, wale majirani wakacheka hadi wakakaa chini. Yeye alimchukua Eliya akamfunga mgongoni na hogo lake, akaendelea na kazi. Jua liliposhuka ndipo akaniambia, bila kunitazama, "Maneno yale ya mbuzi nilimpelekea Mungu. Hajanijibu bado."

"Mama, nisamehe."

"Nitakuja uwele ukishaingia ghalani. Lakini soksi nitanunua mimi."

Sikupata zaidi ya hapo, na nilistahili hata pungufu. Alikuja Julai mwishoni; hadi hapo nilikuwa naombaomba ruhusa kazini. Siku ya kwanza alisimama mbele ya ukuta wangu wenye ratiba na vema, akaniuliza zile alama zinasema nini. Nikamwambia zinasema kwamba amevaa. Akacheka, mara yake ya kwanza tangu afike, nami nikaibandua ratiba ile. Hatukuwa marafiki ghafla. Bado ananikera anapomlisha mlenda kabla ya chakula nilichopika, na bado mimi namkera kwa haraka zangu. Ila kila tunapomfunga viatu, mmoja anafunga na mwingine anachungulia nyuma.

Leo Eliya ana mwaka na nusu. Anatembea, anakanyaga unyayo mzima, anafukuza kuku wa jirani. Viatu vya chuma ni vya kulalia tu, na tumeambiwa ni hadi miaka minne. Nachoka nikiifikiria. Sitakudanganya kwamba hutachoka.

Mwezi uliopita tulikuwa kliniki sote watatu. Kwenye benchi alikuwepo binti mmoja mdogo na mtoto wa miezi minne mwenye viatu vipya, anaandika kwenye simu yake kwa kasi, jasho linamtoka. Nilimjua bila kumjua. Kabla sijafungua mdomo, mama mkwe alikuwa ameshajongea kando yake, amemgeuza mtoto, ameinamia nyuma ya kiatu.

"Unakiona kisigino?"

Binti akasita. "Sijui, Bibi. Nadhani."

"Usidhani. Fungua."

Akafungua. Wakafunga tena, mkono wa bibi juu ya mkono wake, taratibu, mara ya pili, mara ya tatu, hadi kisigino cha mtoto kikajitokeza tunduni, kidogo, cheusi, kinang'aa. Binti akapumua. Akamuuliza, "Bibi, wewe ni nesi hapa?"

Mama mkwe akanitazama, kwa mara ya kwanza kwa namna ile ya kunitania.

"Hapana," akasema. "Mimi ni mfuga mbuzi."